Picha Yenye Maua ya Plastiki

Mwaka nilioomba kusoma shahada ya uzamili, nilipewa tuzo ya wanafunzi bora wenye asili ya Afrika. Mama alikuza picha yangu nikiwa nimeishika tuzo hiyo, akaitundika sebuleni kwetu Rissne, huku ughaibuni, kando ya picha ya marehemu babu, kisha akaizungushia maua ya plastiki.

Siku iliyofuata alikuja mama mmoja Mrundi wa kanisani. Aliitazama, akavua kofia yake ya baridi, akamshika Mama mikono.

"Pole sana, dada. Alikuwa bado kijana."

Nilitoka jikoni na chai. Akapiga yowe.

"Yesu wangu! Si huyu hapa?"

Mama alicheka hadi machozi. Mimi sikuweza. Asubuhi ile mshauri wa chuo alikuwa ameniambia kwa simu kwamba tuzo haihesabiwi, wanatazama alama tu, na zangu zilipungua kidogo.

"Tuishushe, Mama."

"Tutaishusha ukipata nafasi chuoni."

Majibu hayajaja. Nikipita sebuleni nanyata, kama watu wanavyotembea kwenye msiba, na yule mimi wa ukutani anatabasamu kana kwamba ameshaambiwa majibu.