Unga Chini ya Kabati

Lidia alipouona ule unga mara ya kwanza alidhani ni wa muhogo. Akachukua ufagio, akafagia, akasahau. Kesho yake asubuhi ukawa palepale, kichuguu kidogo cha njano chini ya kabati jipya. Akaunusa. Haukuwa muhogo.

Kabati lenyewe halikuwa limetimiza wiki tatu. Tangu wakiishi kwenye makazi ya wakimbizi ya Mishamo hadi walipohamia Kabungu, kila kitanda na kila meza aliyotumia ilichongwa na marehemu mumewe, Arcade. Hili ndilo lilikuwa la kwanza kununuliwa dukani. Naseeb, mwenye duka kule Mpanda mjini, siku ya kuliuza aliupiga mlango wa kabati kofi akasema, "Mninga mtupu, mama. Hata wajukuu watalirithi."

Lidia akamwita jirani yake Amosi, aliyewahi kupasua mbao. Amosi akachomeka kisu ubavuni mwa kabati. Kikazama kama kwenye kiazi.

"Mama Claude, huu siyo mninga. Ni mbao laini wameipaka rangi, na wadudu wameshaibungua."

"Sasa mimi nimeuziwa nini?"



Lidia akapanda bodaboda hadi mjini. Naseeb akampa shikamoo, akamvutia kiti, akamsikiliza hadi mwisho. Kisha akaomba risiti na kuweka kidole chini kabisa. "Soma hapa, mama. Mali ikishauzwa hairudishwi."

Akasoma mara mbili. Maneno yalikuwapo kweli. Ina maana alikubali? Lini? "Samahani, baba," akasema, akatoka. Alifika barabarani ndipo akajiuliza alikuwa akiomba samahani ya nini.

Akapitia kwa wifi yake Athanasie, anayekaa Kawajense, ambaye aliposikia hakungoja hata kumpa maji. Alimshika mkono wakaenda moja kwa moja kwa afisa biashara, dada mmoja aitwaye Hadia.

"Alikuambia ni mbao gani?" Hadia akauliza.

"Mninga."

"Basi alipaswa kukupa mninga. Una haki ya kumdai."

"Lakini imeandikwa hairudishwi."

"Imeandikwa, ndiyo. Ila maandishi hayo hayamruhusu kukuuzia kitu kingine tofauti na alichokuahidi."

Lidia akamtazama asielewe. Maisha yake yote karatasi ndiyo iliyosema yeye ni nani. Karatasi ilimwita mkimbizi, akawa mkimbizi. Miaka ikapita, karatasi nyingine ikamwita Mtanzania, akawa Mtanzania. Mdomo wake haukuwahi kuulizwa. Leo anaambiwa neno la mdomoni mwa muuza duka lina nguvu kuliko lililopigwa chapa? Akaitikia kwa kichwa, kwa adabu tu.

Hadia akampigia Naseeb simu. Siku ya pili Naseeb akaja Kabungu kwa pikipiki yake. Akapiga magoti, akabonyeza ubavu wa kabati kwa kidole, kidole kikaingia. Uso ukamshuka.

"Wallahi, mama, na mimi niliambiwa ni mninga."

Lidia alimwamini, na hapo ndipo akili ilipozidi kumvurugika. Kama naye kadanganywa, yeye anamdai nani?

"Basi tumeibiwa wote," akasema.

"Wewe umenunua kwangu. Aliyeniuzia nitahangaika naye mwenyewe. Nikupe lingine, au nikurudishie hela?"

Hakuwa amejiandaa kuulizwa anataka nini. Akazitazama nguo alizozitoa kabatini, zimekunjwa juu ya mkeka. "Lingine," akasema, kwa sauti kama ya mtu anayebahatisha.

Lililetwa Ijumaa iliyofuata, zito, wanaume wanne wakihema. Naseeb alikuja nalo mwenyewe. Jua lilikuwa kali na maharage yalikuwa yameiva, ikawa hakuna namna ila kumkaribisha. Lidia akampakulia, akaketi kando, asijue amkasirikie au amshukuru, na amwite mgeni au mdaiwa. Mwishowe akaona chakula sahanini mwa Naseeb kinakaribia kuisha, akamwongezea.