Karatasi Isiyo na Kivuli

Mama alipokuja kunilelea mtoto, tulikuwa tumepanga chini ya nyumba ya watu, Takoma Park, huku Marekani, madirisha yakiwa usawa wa majani ya uani. Nilitoka alfajiri kwenda kutunza wazee wa wenyewe, nikarudi giza limeshaingia. Hata nikirudi sikutulia: nakunja nguo naziacha, nafungua friji naifunga. Mama alikuwa ameanza kuuliza kama mvua za nyumbani zimenyesha, na swali lile lilinitia hofu. Nilitaka abaki.

Jioni za wikiendi tulitazama tamthilia ya Kikorea, ya wafalme wa zamani. Maandishi ya chini yalikuwa ya Kiingereza, nikawa namtafsiria.

"Hebu nyamaza, naona," alinikatiza.

Na kweli aliona. Mtu akimulikwa kutoka chini ya kidevu, alisema huyo ana njama. Mfalme alimjua kwa joho jekundu, malkia kwa nyuzi za dhahabu. Siku malkia alipovuliwa cheo, akavishwa nyeupe tupu na kufungiwa nyumba ya nyuma yenye mwanga wa kijivu, Mama aliacha kutafuna karanga.

"Kama humu," akasema.

Yalinichoma. Kesho yake sikungoja hata chai, nikaenda kununua taa ya kusimama yenye kofia ya njano, na pazia jekundu. Nililipachika kwa papara mpaka nikajigonga kidole kwa nyundo. Jioni nikawasha, sebule ikang'aa, nikamgeukia nikingoja sifa.

"Pamependeza, mwanangu. Ila hukutazama vizuri." Tamthilia ilikuwa imeanza, akanyoosha kidole kwenye runinga. "Enzi za malkia, ile milango yao ya karatasi ilikuwa haikosi vivuli. Wajakazi, wageni, wambea. Sasa mshumaa unawaka na karatasi ni tupu. Hata wangemwashia mia! Mimi hapa, tangu utoke mpaka urudi, hakuna anayenipigia hodi."

Nikabisha. Nikataja kanisa la Jumapili, nikamtaja mtoto, sauti ikipanda. Nilimkasirikia kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Jumatatu nilipiga simu kuulizia tiketi yake, nikalia mpaka dada aliyepokea simu akaniuliza, "Pole, kuna msiba?"

Nikamwambia hapana, ni mama yangu anarudi kwake.