Kabla Ndege Hajaruka

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, mna simu zenye macho matatu mgongoni, na bado picha zenu zote ni za nyuso zenu. Siwatukani, nasema nilichokiona. Kaeni kitako niwaeleze kazi ya kupiga picha ndege wa pwani, maana nyumbani kwangu hakuna anayeiuliza.

Marehemu mume wangu alikuwa na studio ya picha za pasipoti kule Bondeni. Watu walipoanza kujipiga wenyewe akafunga duka, akarudi nyumbani Mji wa Kale na kamera yake, hana wa kumpiga. Akawa ampiga picha paka. Nikamwambia, "Twende Tudor kwenye mikoko. Maji yakipwa kuna ndege tele, na hakuna atakayekulaumu kuwa pua yake imetoka kubwa."

Ndege anayekula hana taabu. Yangeyange hutembea topeni kama mwanamke aliyeshika buibui lisichafuke, hudona kaa, husimama. Kwa hao mume wangu alikuwa fundi. Taabu ni anayeruka. Yeye alizoea watu waliokaa kwenye kiti wakaambiwa wasipepese. Ndege hangoji kuambiwa. Na mtu akishaweka jicho kwenye kamera haoni ila kile kitundu. Basi mimi nikawa macho yake. Shule sikusoma sana, lakini kutazama najua. Ndege akitaka kuruka hugeukia upepo, huinama kidogo, na mara nyingi hunya kwanza. Msicheke. Nani hapunguzi mzigo kabla ya safari? Akinya tu, nasema, "Sasa!" naye abonyeza.

"Umechelewa kusema," huniambia.

"Wewe ndiye uliyechelewa. Mimi nimesema ndege angali chini."

Tulikuwa tukirudi hivyo kwa miguu mpaka Tononoka, tumenuniana, tukila viazi vya karai katika karatasi moja.

Alipokufa nikakaa eda. Nilipotoka nikaichukua kamera mimi. Nilitaka ndege mmoja tu, akiwa hewani, kwa mkono wangu. Kubonyeza si kazi, mtoto pia hubonyeza. Kazi ni kuwa watu wawili. Nikiweka jicho kwenye kamera, simwoni ndege akijiandaa. Nikimtazama, mkono wachelewa. Nikawa narudi na matope. Matope na mguu mmoja unaotoka pembeni. Matope matupu, yamepigwa jua vizuri.

Siku moja kulastara alisimama karibu nami, mrefu, shingo ameikunja. Akageukia upepo. Akainama. Akanya. Nikasema kwa sauti, "Sasa!" na kamera i mapajani pangu. Nilikuwa namwambia nani? Ndege akaenda zake, taratibu, mabawa mapana, kama aliyejua hapana wa kumpiga.

Vijana wawili waliokuwa wakichimba chambo wakageuka.

"Shikamoo, bibi. Waongea na nani?"

"Marahaba. Chimbeni chambo chenu."

Wakacheka, wakainamia tope lao. Nilikaa hapo mpaka maji yakaanza kurudi kwenye mizizi ya mikoko, na sikupiga tena.

Nyumbani mke wa mwanangu akazitazama picha. "Mama, hizi za matope nizifute?"

"Acha."

Mwanangu naye akasema, "Mama, simu yangu hupiga ishirini kwa mpigo mmoja. Wewe shikilia tu, halafu utachagua."

"Hiyo si picha, huko ni kutupa wavu. Mimi namtaka ndege aliyetazamwa."

"Haya, mama," akasema, na kila mtu akarudi kwenye simu yake, hata wajukuu. Nyumba imejaa watu, na hakuna aliyeniuliza alikuwa ndege gani.

Asubuhi yake wakinywa chai nikawaambia: "Leo ni bamvua, maji yatatoka mbali. Mmoja wenu atakwenda nami Tudor, sijali nani. Simu ataiacha hapa mezani. Kamera asiiguse, hiyo ni yangu. Yeye kazi yake ni kumtazama ndege, na akimwona anya, aseme 'sasa'. Akichelewa nitamgombeza njia nzima. Haya, chaguaneni kabla sijamaliza kikombe hiki."