Sharti la Tatu Kwenye Friji

Mama alipotua kwangu Katy, mji ulio kando ya Houston, Marekani, kuja kunikagua, moyo wangu ulikuwa umeshaanza tabia ya kukimbia. Nimekaa zangu nakula ugali, mara unatimua mbio kama umeona nyoka, halafu unatulia wenyewe. Daktari mmoja wa Houston alikuwa ameshapanga siku ya kupitisha mrija kwenye mshipa wa paja hadi moyoni, aunguze kijisehemu kinacholeta fujo. Mama alisikiliza maelezo yangu yote, akautazama na mchoro niliomchorea nyuma ya bahasha, kisha akauliza, "Na maombi mmeyapanga saa ngapi?"

Mimi hufanya kazi maabara. Nalipwa nisiamini kitu mpaka kipimwe, tena mara mbili. Mama huamini kwanza, kupima baadaye kama muda upo. Tulibishana wiki mbili nzima, asubuhi kwenye chai na jioni kwenye kuosha vyombo. Nikimwambia mapigo ya moyo ni umeme tu, ananiuliza fundi umeme wake nani. Nikimwambia nataka ushahidi, ananinyooshea kidole: "Ushahidi ni wewe. Ulizaliwa wa miezi saba, wakasema humalizi wiki." Nikaosha upya vikombe vilivyokuwa safi.

Hospitali ilinipa karatasi ya masharti, nikaibandika kwenye friji. Kuoga kwa sabuni waliyonipa. Kutokula chochote. Sharti la tatu nililipigia mstari mwekundu: mwilini hakuna losheni wala mafuta ya aina yoyote. Nikamfasiria Mama neno kwa neno, nikamalizia na methali, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Mkuu humu ndani ni nani?" akauliza, akaendelea kuchambua mchele.

Alfajiri ya siku yenyewe nilikwishaoga, nimejinyoosha tena kitandani, niliposikia mlango. Mama aliingia na kichupa chake cha mafuta ya upako, yaliyoombewa kanisani kwake Dodoma na kusafiri sandukuni yamevalishwa soksi mbili. Akaniwekea alama ya msalaba kwenye paji la uso. Kisha akahamia kifuani, na kifuani hakuweka alama. Alipaka kama anayepaka chapati. Alikuwa akinong'ona maombi. Mimi nilifumba macho mpaka akatoka.

Mke wangu alitushusha mlangoni pa hospitali, akaenda kutafuta pa kuegesha gari. Ndani, nesi akaanza kunibandika vile vibandiko vya nyaya za kusoma mapigo. Cha kwanza kikateleza. Cha pili kikasafiri mpaka ubavuni. Mashine ikalia. Nesi mwenyewe alikuwa Mkenya, maana alikuwa ameshasalimiana na Mama kwa Kiswahili cha kwao. Akanusa kidole chake, akatabasamu.

"Hii ni mafuta ya upako, ama?"

"Ni Mama," nikasema haraka. "Alinipaka nimelala. Mimi mtu wa maabara, masharti nayajua."

"Usijali, nita-clean tu. Watu wetu hukuja hapa wakiteleza hivi hivi."

Mama, aliyekuwa kwenye kiti pale kando na mkoba mapajani, akakohoa kidogo, akamgeukia nesi. "Usimsikilize, mwanangu. Hakuwa amelala. Nilimtazama kwanza, kifua kinapanda na kushuka. Nilipomgusa tu, kikasimama. Aliyelala habani pumzi."

Nesi alicheka mpaka akashika kitanda. Mimi nilitafuta pa kuficha uso. Miaka yote nimelipwa kutazama kitu, kukigusa, kisha kutazama tena nione kimebadilika nini. Na Mama alikuwa amenifanyia hayo hayo kwenye mwanga wa taa ya ukumbini, bila kifaa hata kimoja.

Na alikuwa amesema kweli. Ningeweza kusema "Mama, acha," maneno mawili tu. Baadaye nilijidai kwa mke wangu kwamba nilinyamaza kwa heshima, lakini heshima haikuwepo pale. Niliogopa. Niliogopa kufa, na ule mkono ulikuwa wa joto, nikataka uendelee.

Nesi alifuta kifua changu, akarudia, mpaka vibandiko vikashika na mashine ikaanza kuchora. Kisha akainua pamba kuelekea usoni.

"Hapo napo kuna waya?" nikauliza.

"Hakuna."

"Basi paache."

Nikageuza kichwa nimwone Mama akishangilia ushindi wake. Alikuwa ameegemea ukuta, macho amefumba, eti amelala. Nikamtazama kifua, kama alivyonifundisha. Alikuwa amebana pumzi, mkoba ameukumbatia kwa mikono miwili.