Mtani Akikasirika

Mimi nikiogopa nacheka. Nilicheka mbele ya askofu siku ya kipaimara changu, mama akanifinya mpaka nikabaki na alama. Watu hudhani nina furaha kumbe nimejaa hofu.

Wakati huo nilikuwa nashona midomo ya viroba kwenye mashine ya kukoboa mpunga, pale Ifakara. Msimamizi wetu alikuwa Mngoni na mimi ni Mpogoro, kwa hiyo tulikuwa watani, tena wa kutwa nzima. Nikimkuta amesinzia, natangaza msiba wake na kuanza kumlilia. Yeye akikuta chakula changu anakula chote, kisha anakuja kulalamika kwamba chumvi haikutosha. Hakuna aliyenuna, maana anayekasirikia utani anajiaibisha yeye na ukoo wake.

Basi akaja bibi mmoja kutoka Mchombe na mpunga wake wa supa, ule unaonukia, kwa ajili ya harusi ya mjukuu wake Jumamosi. Alikuwa ameulima mwenyewe, akauanika mwenyewe, akaulinda dhidi ya kuku na dhidi ya wakwe. Msimamizi akamwambia foleni ni ndefu, auache, mchele aufuate kesho. Bibi akaamini, akaenda kulala kwa ndugu yake mjini.

Jioni mpunga ule ulipokobolewa, jengo zima lilinukia. Nikashona viroba vyake vitatu nikiwa nameza mate. Nilipokuwa najikung'uta pumba niondoke, nikamwona msimamizi akiviburuta kuviingiza stoo, na mahali pake akapanga vitatu vingine, vya mchele mkuukuu usio na harufu yoyote. Minong'ono kwamba anabadilisha mchele wa wateja nilikuwa nimeisikia, lakini kuona kwa macho ni jambo lingine. Bondeni kwetu, harusi ambayo wali wake haunukii husimuliwa mpaka watoto wa ndoa ile nao waoe. Niliumia sana kwa ajili ya yule bibi.

Asubuhi alikuja na bajaji. Uwanja ulikuwa umejaa wateja, na wapakiaji walikuwa wameanza kumpakilia.

"Mtani," nikasema kwa sauti, "mrudishie bibi mchele wake. Huo siyo wake."

Watu wakacheka. Msimamizi akacheka kuliko wote. "Huyu Mpogoro leo kaamka na mimi," akasema.

"Sitanii. Wa bibi umeuficha stoo."

Wakacheka zaidi. Hapo hofu ikanishika na mimi nikaanza kucheka, nikaharibu kila kitu. Nani atamwamini shahidi aliyeshika mbavu? Nikarudia kwamba ni wizi, nikicheka. Nikaapa kwa Bikira Maria, nikicheka. Bibi mwenyewe akatabasamu.

"Usimjali, bibi," msimamizi akamwambia. "Ni mtani wangu huyu."

Bibi akapanda bajaji. Hasira zikanipanda na kicheko kikazidi, nikawa kama chungu kinachofurikia jikoni. Ndipo nikakumbuka kwamba mtani ana haki ya kukamata mali ya mtani wake na kukaa nayo mpaka ikombolewe. Nikakimbilia stoo, nikaburuta kiroba kimoja hadi katikati ya uwanja, nikakikalia.

"Nimekamata," nikatangaza. "Mali ya mtani wangu. Sinyanyuki."

Watu wakapiga makofi. Msimamizi akatabasamu kwa meno tu. "Soda nitakununulia. Rudisha kiroba."

"Soda sitaki. Nataka nione nimekamata nini."

Uzi nilikuwa nimeushona mwenyewe, kwa hiyo nilijua pa kuuvuta. Mdomo ukaachia mara moja na harufu ikatoka, ile ile ya jana. Bibi akashuka kwenye bajaji.

Msimamizi akapiga kelele, mishipa imemtoka shingoni. "Huu siyo utani! Huu ni wizi!"

"Na mimi," nikasema nikifuta machozi, "nimekuwa nikisema hivyo tangu mwanzo."

Bibi akaja taratibu, akachota mchele kiganjani, akaunusa.

"Nyanyuka, mjukuu wangu," akaniambia. "Unakalia wali wa watu."

Nikanyanyuka. "Na wewe kesho usije," msimamizi akaniambia, safari hii kwa sauti ya chini. Kicheko kikanikauka. Ile kazi ndiyo iliyokuwa inanilisha, na katika wote waliokuwa wakinishangilia sasa hivi sikuona hata mmoja anayenitazama.

Mpakiaji mmoja, mtu mzima ambaye alikuwa amechekelea kuliko wenzake wote, akaingia stoo kumtolea bibi viroba viwili vilivyobaki. Alipopita karibu yangu akasimama, mzigo ukiwa begani.

"Dada, usifikiri tulicheka kwa kudhani unatania," akasema. "Tulicheka kwa sababu tulijua ni kweli."

Akavitua viroba kwenye bajaji, akajifuta jasho, akarudi mlangoni mwa stoo. Kisha, bila hata kutabasamu, akasema kwa sauti iliyofika mpaka barabarani:

"Yule baba wa kijiji cha Kisawasawa kama yupo, aje. Na waliotoka Sanje wiki iliyopita, waitwe. Vyao navyo vimo humu."