Kifurushi Kisichojulikana Kazi Yake

Kituoni walimwita Bi Kwanini, naye hakukasirika, maana hata mama yake mzazi alichoka kumjibu tangu akiwa mdogo. Kazi yake ilikuwa kuitunza seva ya redio, mashine iliyokaa kwenye chumba chenye baridi, kioo tu kikiitenga na studio, ikicheza nyimbo, matangazo na vipindi mchana kutwa bila kupumzika.

Siku hiyo kulikuwa na programu nyingi za kusasisha, nyingine za kuziba mianya ya wezi wa mtandaoni. Meneja akachungulia mlangoni.

"Si unabonyeza 'ndiyo' tu, dada?"

"Ndiyo ya nini, bosi? Bado sijajua inataka kufanya nini."

Alikuwa ameinakili seva nzima kwenye kompyuta kuukuu chini ya meza yake, ili akiharibu aharibu huko. Akaiambia nakala hiyo imwonyeshe kwanza mpango wake bila kugusa kitu. Ikaonyesha: hivi vitasasishwa, hivi vitaongezwa, na mwisho kabisa, kimoja kitaondolewa. Kilikuwa kifurushi kidogo cha programu, chenye jina lisilo na kichwa wala miguu. Hakuna programu nyingine iliyokitegemea. Mtu mwingine angekipungia mkono wa kwaheri. Yeye akavuta kiti.

Akaruhusu usasishaji uendelee kwenye ile nakala, akavaa spika za masikioni, akaipitisha ratiba ya siku nzima. Nyimbo, safi. Matangazo, safi. Ilipofika zamu ya hadithi za jioni, kimya. Akagusa waya. Akajaribu hadithi nyingine. Kimya, kama maji mtungini.

Akafurahi kupata swali. Akampigia simu fundi wa zamani, aliyestaafu na kumwachia kiti.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Umefukua nini leo?"

Akamtajia lile jina. Mzee akacheka mpaka akakohoa.

"Loo, bado kipo! Hadithi zile zilirekodiwa kwa mtindo wa zamani sana. Hicho ndicho kinachozifungua. Nilikiweka kwa mkono wangu."

"Mbona hukumwambia mtu?"

"Hakuna aliyeniuliza, mwanangu."

Basi akairudisha nakala ilivyokuwa, akaiamuru ikiache kifurushi hicho, pamoja na kile ambacho toleo lake jipya ndilo lililotaka kukiondoa, isasishe vingine vyote. Akasikiliza tena. Hadithi zikasema. Ndipo akaigeukia seva yenyewe, baada ya kuhakikisha ana pa kurudia mambo yakiharibika.

Lilibaki jambo moja: programu inayocheza nyimbo ingezimwa na kuwashwa upya. Akamwendea mtangazaji wa zamu, ambaye wenzake walimwita Cherehani kwa jinsi mdomo wake ulivyokwenda.

"Kaka, ongea mpaka nikuinulie kidole gumba."

"Kuongea? Hiyo nayo ni kazi ya kunipa?"

Maikrofoni ikafunguliwa, na Cherehani huyo huyo akakatika uzi. Akasalimu, akasalimu tena, akataja saa. Kisha akamwona Bi Kwanini kupitia kioo, ameinamia kibodi, akapata la kusema.

"Wasikilizaji, kuna mtu hapa anaitengeneza redio huku mnaisikiliza. Anafanyaje? Hata mimi sijui!"

Kidole gumba kikainuka. Wimbo ukaingia. Hapo hapo Cherehani akaja chumba cha baridi kuuliza, akaelezwa, akauliza tena, mpaka chai yake ikapoa kule studio.

Bi Kwanini alijua kukiacha kifurushi kizee namna ile si dawa ya kudumu. Wiki hiyo hiyo akaanza kuzihamishia hadithi kwenye mtindo mpya, moja moja. Angeweza kuiachia mashine, lakini kila moja aliisikiliza. Jioni, mumewe akimenya viazi, akamsimulia ile ya mwanamke aliyekifungia kivuli chake sandukuni.

"Halafu?" mume akauliza, kisu mkononi.

"Sehemu ya pili bado sijaifikia."

"We mwanamke! Kesho uwahi kazini."