Yule Aliyeigiza Sitwayeni Maji

Sisi tuliokulia Keshero enzi za Zaïre hatukuwa na televisheni, ila tulikuwa na shuka la padri. Lilitundikwa ukutani nyuma ya kanisa, jenereta likakohoa mara tatu, nasi watoto tukakaa juu ya mawe meusi ya volkano yaliyotuchoma makalio. Hakuna aliyelalamika. Kijana wa leo mkalishe kwenye kiti chenye mto, atakuuliza kwanza pa kuchajia simu.

Mwaka mmoja padri wetu, mzungu aliyependa kamera kuliko chakula, aliamua kutengeneza filimu yake ya kufundisha uaminifu. Wachezaji walikuwa watu wetu wenyewe. Mwalimu wa kwaya akapewa kuwa baba mwema. Aliyekosekana ni mtu mbaya, mwuza maziwa anayetia maji ndani ya bido lake, lile dumu la maziwa. Wauzaji wote wa Kibati walikataa. Kwa wafugaji hilo si kosa dogo, wazee walisema ng'ombe wa mtu wa namna hiyo hukauka.

Papa Sebagenzi peke yake alikubali, na yeye ndiye tuliyemwamini kuliko wote. Kila asubuhi alituletea maziwa nyumbani, na kabla ya kumpimia mama alimimina kidogo kwenye kifuniko, akayanywa yeye kwanza. Ndivyo alivyolelewa huko Masisi kwa wafugaji.

"Padri ameniomba," alimwambia mama. "Ni muchezo tu, mama."

Ndani ya filimu hakuonekana hata dakika tano. Lakini jamani, dakika zile! Anatazama kushoto, anatazama kulia, anainama mtoni, anajaza. Halafu anafuta mdomo wa bido kwa shati, polepole, na kutabasamu. Watu walipiga kelele mpaka padri akasimamisha mashine. Jina lake mle lilikuwa Sitwayeni Maji, yaani Raia Maji, maana enzi zile kila mtu aliitwa sitwayeni. Yule baba mwema tulishamsahau kabla ya kufika nyumbani.

Kesho yake nilikuwa naenda shule na wenzangu, sketi za bluu, blauzi nyeupe, midomo imejaa muhogo wa kuchoma. Tukamwona anakuja na bido lake. Mimi ndiye niliyeanza, siwezi kumsingizia mwingine. "Sitwayeni Maji! Umepitia mutoni?" Wenzangu wakadakia. Yeye akacheka. Siku ya pili akacheka tena. Siku ya tatu hakucheka, nasi tukaona utani ndio umekuwa mtamu zaidi.

Wakubwa hawakuwa wajinga, walijua ni mchezo. Ila jirani yetu Mama Furaha alisema neno lililoenea mpaka soko la Kituku: "Kutazama kushoto na kulia vile, nani alimufundisha? Mutu anaigiza kitu anajua." Basi wanawake wakaanza kudondosha maziwa yake kwenye ukucha kuona kama yanateleza kama yaliyotiwa maji. Baadaye hawakudondosha tena, walifunga mlango. Hata mama, ambaye siku zote alimtetea, aliniambia nimwambie kuwa yeye mama hayupo. Nikamwambia. Papa Sebagenzi akatazama kanga ya mama iliyokuwa ikionekana nyuma ya mlango, akabeba bido lake likiwa limejaa, akarudi nalo Kibati kwa miguu.

Alipotea siku mbili. Siku ya tatu tulisikia ng'ombe analia mbele ya lango. Papa Sebagenzi alikuwa amemleta kutoka Kibati, yeye na ndama wake, njia yote ile. Akamwacha ndama anyonye kidogo, akachuchumaa, akaanza kukamua pale pale barabarani, macho ya watu wote juu ya mikono yake.

"Mwenye anataka, akuje aone," alisema. "Hapa hakuna mutoni."

Mama alitoka. Hakutazama maziwa, alitazama miguu. Ng'ombe wa majani laini ya milimani alikuwa ametembezwa juu ya mawe ya volkano, na kwato moja ilikuwa inatoka damu. Mama akanigeukia.

"Ulimi yako njo imetembeza hii ngombe," alisema. "Na mulango yangu pia."

Akanipa kikombe. Nikanywa maziwa yale ya moto mbele ya Mama Furaha na wenzake, huku nikilia, nikasema, "Papa, unisamehe." Papa Sebagenzi akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Kweli nilicheza muzuri?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Akatabasamu, na halikuwa lile tabasamu la kwenye shuka. Mama Furaha akaenda kuleta sufuria yake.

Juzi nilimkuta mjukuu wangu Aline anamwandikia matusi mtu kwenye simu, vidole vinakimbia kama anapepeta mchele. Nikamwuliza amekosewa nini. Akasema ni mwigizaji wa mfululizo anaoutazama, anacheza mume katili. "Koko," ndivyo anavyoniita mimi bibi yake, "ule mutu ni mubaya sana! Tuko wengi tunamuandikia."

Nikamhadithia habari ya Papa Sebagenzi. Akacheka, akasema watu wa zamani tulikuwa tunachekesha. Labda ni kweli. Lakini sisi, tuliyemwumiza alirudi mlangoni, tukaiona ile kwato kwa macho yetu, na kikombe kilikuwepo cha kunywea aibu.

"Aline," nikamwambia, "ule naye ako na ngombe yake fasi fulani, inachechemea. Shida ni moja tu: wewe hautaiona."

Vidole vyake vilisimama.